Baruti baharini Mtwara: Udhibiti uanzie kwa anayeuza, si kwa anayerusha

KWA zaidi ya miaka 50 sheria za Tanzania zimekuwa zikikataza uvuvi wa baruti. Katazo hilo lilikuwamo katika Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, kisha likarejewa kwa ukali zaidi katika Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, ambayo kwa kosa hilo iliweka kifungo kisichopungua miaka 5. Hata hivyo, katika kipindi chote hicho pwani ya Mtwara, kuanzia Ghuba ya Sudi na Mikindani hadi Msimbati na mlango wa Mto Ruvuma, imeishi na milipuko inayonyamaza kwa miaka michache na kisha kurudi.

Swali linalojitokeza ni kwa nini sheria kali kiasi hicho haikutosha kuikomesha kabisa biashara hiyo. Ukifuatilia historia yake, jibu haliko baharini. Liko nchi kavu, mahali ambapo kilipuzi kinatoka mikononi mwa mtu mwenye kibali na kuingia mikononi mwa mtu asiye nacho. Kwa muda mrefu dola imemkamata mrushaji, ambaye mara nyingi ni kijana asiye na chombo wala mtaji, huku muuzaji akibaki nyuma ya pazia akisubiri mteja mwingine.

Hasara isiyolipika

Uvuvi wa baruti hauhitaji nyavu, mitego wala ujuzi wa miaka mingi. Kinachohitajika ni chupa, kilipuzi, utambi na kiwashio, pamoja na mtu mwenye pumzi za kutosha kuzamia na kuokota samaki waliokufa. Kwa sababu hiyo, ni kazi inayowavuta vijana kwa urahisi, maana faida yake huonekana siku hiyo hiyo.

Hasara yake, kwa upande mwingine, huonekana polepole. Mlipuko hupasua vibofu vya hewa vya samaki, wengi wao huzama chini na hawaokotwi kamwe. Wanaokufa si wale wanaofaa kuuzwa pekee, bali pia mayai, vifaranga na viumbe vidogo vinavyoliwa na samaki wakubwa. Matumbawe yaliyochukua miongo kadhaa kukua hugeuka kifusi, na kifusi kinachosukwasukwa na mawimbi hakiwezi kushikilia matumbawe mapya. Mvuvi wa nyavu au wa mshipi anayefika mahali hapo baada ya mwaka mmoja hukuta maji matupu.

Aidha, kuna hasara ya mwili. Utambi mfupi unaweza kuilipua chupa kabla haijaondoka mkononi. Anayepoteza mkono au macho kwa namna hiyo huogopa hata kwenda hospitali, kwa sababu jeraha lenyewe ni ushahidi wa kosa.

Ni kwa kutambua thamani ya eneo hilo kwamba mwaka 2000 serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa mamlaka ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Hifadhi hiyo, ya pili nchini baada ya ile ya Kisiwa cha Mafia, ina eneo la takribani kilometa za mraba 650 na inajumuisha matumbawe, mikoko, nyasi za baharini na vijiji ambavyo wakazi wake wanategemea bahari kwa kitoweo na kipato. Tofauti na hifadhi za wanyama, hapa wananchi hawakuhamishwa. Wanaishi ndani ya hifadhi. Maana yake ni kwamba mlipuko mmoja unawaumiza majirani kabla haujaiumiza serikali.

Wavuvi ndio walioanza

Ni makosa kudhani kwamba vita dhidi ya baruti Mtwara ililetwa na wageni au na maofisa kutoka Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa vijiji vya pwani ya Lindi na Mtwara waliungana katika chombo kilichojulikana kwa jina la Shirikisho. Wakisaidiwa na mradi wa maendeleo vijijini uliofadhiliwa na Finland katika mikoa hiyo miwili, walirekodi malalamiko yao kwa kamera za video na kuwaonyesha viongozi. Katika picha hizo wavuvi walizungumza waziwazi kuhusu milipuko na kuhusu wahusika kuachiwa bila kuadhibiwa.

Shinikizo hilo lilizaa matunda. Kuelekea mwisho wa muongo huo serikali iliingilia kati kwa nguvu, ikiwa ni pamoja na kuwatumia askari wa wanamaji, na milipuko ikapungua sana kusini. Kwa miaka michache wavuvi waliona samaki wakirejea. Lakini operesheni ni operesheni: ina mwanzo na ina mwisho. Doria zilipopungua, milipuko ilianza kusikika tena, na katikati ya miaka ya 2000 malalamiko yalikuwa yamerudi palepale.

Kilichokuwa kimekosekana hakikuwa nia ya wananchi wala ukali wa adhabu. Njia zilizoleta baruti pwani hazikuwa zimefungwa. Askari waliondoka na boti zao, lakini waliokuwa wakiuza vilipuzi hawakuwa wameondoka popote.

Ushahidi wa mwaka 2015

Ukubwa wa tatizo ulipimwa kwa namna isiyo na ubishi mwaka 2015, pale watafiti walipopita na chombo chenye vinasa sauti vya chini ya maji kando ya pwani yote ya Tanzania Bara. Milipuko 318 ilithibitishwa katika safari hiyo moja, na zaidi ya nusu ilisikika katika eneo lisilozidi kilometa 80 kutoka Dar es Salaam.

Takwimu hiyo ya mwisho ina ujumbe muhimu kwa Mtwara. Dar es Salaam haina matumbawe au samaki wengi kuliko kusini. Inachokuwa nacho zaidi ni soko la samaki, ujenzi, machimbo ya kokoto na mtandao wa usafirishaji. Kwa maneno mengine, mlipuko haufuati samaki tu. Unafuata pia upatikanaji wa kilipuzi na wepesi wa kuuza kilichovuliwa.

Mwaka huo huo kilianza kazi kikosi kazi cha kitaifa kilichounganisha Polisi, maofisa wa uvuvi na vyombo vingine katika kupambana na uhalifu wa mazingira. Tofauti yake na operesheni za zamani ilikuwa katika mbinu: badala ya kutegemea boti za doria peke yake, upelelezi ulielekezwa pia kwa wafadhili na wasambazaji. Katika miaka iliyofuata, maofisa wa uvuvi na wahifadhi waliripoti kupungua kwa milipuko kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa muda mrefu.

Mafanikio hayo ni ya kupongezwa. Lakini Mtwara imewahi kushangilia namna hiyo, kisha ikajuta. Swali halisi ni kama njia ya kilipuzi kutoka machimboni hadi baharini imefungwa kwa utaratibu wa kudumu, au imezibwa kwa hofu ya muda.

Mkono unaopokea

Kwenye karatasi, njia hiyo imefungwa. Sheria ya Baruti ya mwaka 1963 inataka leseni na vibali katika kuagiza, kutunza, kusafirisha na kutumia vilipuzi. Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani unakataza vilipuzi kuwekwa katika barua na vifurushi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na miongoni mwa kazi za hatari ambazo hapaswi kufanya zimetajwa kwenda baharini na kufanya kazi katika migodi na machimbo ya mawe.

Hapo ndipo penye mkanganyiko unaostahili kutazamwa kwa makini. Sheria imemwona mtoto machimboni, ikamkataza. Imemwona baharini, ikamkataza. Lakini kati ya machimbo na bahari kuna barabara, na kwenye barabara hiyo kilipuzi husafiri kikiwa kimefichwa katika mzigo wa kawaida. Mzigo huo hupakiwa na mtu mmoja, husafirishwa na mwingine na hupokelewa na wa tatu. Sheria imemtaka wa kwanza awe na kibali. Wa tatu hakuna anayemuuliza jina.

Utaratibu wa kutuma vifurushi kwa mabasi unajulikana na kila Mtanzania. Mtumaji huandika jina na namba ya simu juu ya boksi, hulipa, kisha humpigia mpokeaji. Stendi ya mwisho anayetaja namba hiyo hukabidhiwa boksi. Kwa nguo, vipuri au dawa za mikorosho, utaratibu huo ni msaada mkubwa kwa mikoa ya mbali kama Mtwara. Kwa kitu cha hatari, ni mlango usio na bawabu. Mfadhili wa uvuvi haramu hana haja ya kufika stendi mwenyewe. Anaweza kumtuma kijana wa miaka 15 akamletee boksi, na kijana huyo asijue amebeba nini.

Simu za mkononi zimeongeza wepesi wa jambo hilo. Bei hupatanwa bila watu kuonana, malipo hufanywa bila fedha taslimu kugusana, na bidhaa husafiri bila mwenyewe. Mambo hayo matatu, kila moja likiwa halali na la manufaa, yakikutana katika bidhaa moja ya hatari humwondoa kabisa yule mtu ambaye zamani angeweza kusema: "Wewe ni mdogo, sikuuzii."

Uingereza na bunduki za upepo

Tatizo la kitu cha hatari kununuliwa kwa mbali na kuangukia mikononi mwa mtoto si la Tanzania peke yake. Uingereza ililikabili katika bidhaa nyingine: bunduki za upepo. Silaha hizo hazitumii baruti, bali husukuma risasi ndogo kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Hata Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu Silaha za Moto ya mwaka 2001, inayotafsiri silaha kuwa ile inayorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko, haikuzigusa. Kila nchi iliachiwa ijiamulie. Lakini bunduki hizo zinaweza kuua, na nchini Uingereza zimewahi kuua watoto.

Kuuza bunduki za upepo kwa watoto kulikuwa kosa nchini humo tangu zamani. Tatizo lilikuwa kwamba mtu angeweza kuagiza kwa njia ya posta, na mtumishi wa posta hakuwa na wajibu wa kujua umri wa anayefungua mlango. Bunge la nchi hiyo, kupitia sheria ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu ya mwaka 2006, lilichukua hatua mbili zilizoanza kutumika Oktoba 1, 2007. Kwanza, umri wa kununua ulipandishwa kutoka miaka 17 hadi 18. Pili, na hili ndilo la maana zaidi, ilitakiwa kwamba mfanyabiashara anayeuza bunduki ya upepo kwa mtu wa kawaida amkabidhi ana kwa ana.

Sheria hiyo haikuua biashara ya kuagiza kwa mbali. Mnunuzi anaweza bado kuchagua na kulipa akiwa mji mwingine, lakini bunduki hutumwa kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa aliye karibu naye, na huyo ndiye anayemtazama usoni na kumkabidhi. Wajibu ulihamishwa kutoka kwa mtoto, ambaye hawezi kutarajiwa kujizuia, ukawekwa kwa mtu mzima mwenye leseni ya kupoteza.

Haikuwa tiba kamili. Sharti hilo linawahusu wanaouza kama biashara, si jirani anayemuuzia jirani bunduki iliyotumika. Uskochi iliona pengo hilo na kwenda mbali zaidi: kuanzia Desemba 31, 2016 mtu haruhusiwi kuwa na bunduki ya upepo huko bila cheti cha polisi. Funzo kwa Tanzania si kunakili vifungu hivyo, kwa kuwa kilipuzi si bidhaa ya dukani kama bunduki ya upepo. Funzo ni pale walipoamua kuweka kufuli, yaani katika dakika ile ya makabidhiano.

Nini kinawezekana Mtwara

Hatua ya kwanza ni kukipa kila kilipuzi kumbukumbu. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2008 kwamba vilipuzi vya matumizi ya kiraia, pamoja na viwashio, viwekwe alama ya utambulisho inayowezesha kufuatiliwa kutoka kiwandani hadi kwa mtumiaji wa mwisho. Kiwashio ndicho cha kutazamwa zaidi. Watu wanaweza kutengeneza kilipuzi cha kienyeji kwa kutumia mbolea, lakini kiwashio cha kiwandani hakitengenezwi uani. Kiwashio kinapokamatwa Msimbati kikiwa na namba, mpelelezi hahitaji kumpiga kijana makofi ili ataje jina. Atasoma namba na kwenda kubisha hodi kwa aliyekinunua kihalali.

Hatua ya pili ni makabidhiano ya ana kwa ana. Kilipuzi kisitoke ghalani bila mlipuaji mwenye cheti kuwapo na kusaini, na mabaki ya kila siku yahesabiwe mbele ya mtu wa pili. Kwa machimbo madogo ya kokoto ambayo hayana ghala salama, serikali inaweza kufikiria mlipuaji mmoja mwenye leseni kuzihudumia leseni kadhaa, badala ya kila mchimbaji kutunza boksi lake chini ya kitanda.

Hatua ya tatu inahusu vifurushi. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofanyika, ukomo wake ukiwa Januari 2020, Mtanzania hawezi kupata laini bila kutambulika. Si jambo la kushangaza kumtaka anayepokea mzigo wa kutoka mkoa mwingine aonyeshe kitambulisho na kuthibitisha kwamba ametimiza miaka 18, na kumtaka msafirishaji atunze kumbukumbu hiyo. Vivyo hivyo kwa mbolea: tangu mpango wa ruzuku ulipoanza msimu wa 2022/2023 wakulima walisajiliwa kwa majina. Daftari lililokwisha kuandikwa kwa ajili ya ruzuku linaweza pia kumwonyesha mnunuzi anayechukua mbolea nyingi bila kuwa na shamba.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wachimbaji wadogo watasema vibali vinawachelewesha na kuwaongezea gharama. Wenye mabasi watasema wao si polisi. Wengine watauliza, kwa haki kabisa, daftari lina faida gani ikiwa anayelikagua anaweza kupewa chochote akafumba macho. Ni kweli kwamba karatasi haimzuii mla rushwa. Lakini daftari humwachia alama, na operesheni haimwachii. Ofisa akifumba macho baharini usiku hakuna wa kumshuhudia. Akisaini kwamba viwashio 40 vilitumika siku ambayo machimbo yalikuwa yamefungwa, saini yake itabaki.

Kuna sababu nyingine ya kufanya haraka. Tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, umekumbwa na uasi wa kutumia silaha, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wa Mtwara kilishambuliwa. Uvuvi haramu na uasi ni mambo mawili tofauti. Lakini mpaka ambao boksi la vilipuzi linaweza kupita bila jina la mpokeaji si mpaka salama kwa jambo lolote.

Vijiji visiachwe peke yao

Pamoja na yote hayo, udhibiti wa mauzo hautafaulu ikiwa vijiji vitaachwa vifanye kazi ya dola. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana zaidi kwa kifupi cha BMU, vinawajua wahusika. Samaki wa baruti hutambulika mnadani: mifupa yake huwa imevunjika na damu imevilia ndani ya nyama. Anayekataa kumnunua samaki wa namna hiyo anaziba upande wa pili wa biashara. Lakini mwanakijiji anayetoa taarifa leo, kisha kesho akamkuta mtuhumiwa kijiweni akinywa kahawa, hatatoa taarifa tena.

Vijana nao wanahitaji zaidi ya kukatazwa. Nyavu zinazokubalika zina gharama, na chombo cha kwenda maji makubwa kina gharama zaidi. Mfadhili wa baruti hutoa kila kitu na kudai sehemu ya samaki tu. Maadamu yeye ndiye pekee anayempa kijana kianzio, atampata kijana.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa pwani ya Mtwara ukuta huo umekwisha kujengwa mara mbili kwa gharama ya askari, boti na miaka ya watu gerezani. Wavuvi waliosimama mbele ya kamera katika miaka ya 1990 hawakuomba operesheni nyingine. Waliomba milipuko ikome. Ombi hilo litajibiwa siku ambapo mtu anayetaka kuuza kilipuzi atajua kwamba jina lake linasafiri pamoja na boksi, na kwamba mtoto aliyetumwa stendi kulipokea atarudi mikono mitupu.